Klorini chooni, siki kwenye terazo: kisa cha nyumba moja Tabata

Nyumba inayozungumziwa hapa iko Tabata, Dar es Salaam. Wanaishi humo baba, mama, watoto watatu, bibi mzaa baba aliyetokea Pangani, na dada wa kazi kutoka Singida. Mtoto wa kati, wa darasa la pili, ana pumu. Majina siyataji. Mama mwenye nyumba aliniruhusu kuandika kwa sharti hilo, na kwa jingine alilolikazania zaidi: nisimbebeshe dada lawama. Ni sharti la haki, na maelezo yenyewe yataonyesha kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa kemia na jirani yao, ndiyo maana niliitwa. Kisa kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ajali ya chooni iliyowafanya waondoe dawa zote za dukani. Ya pili ni miezi iliyofuata, walipoanza kusafisha kwa vitu vya asili, wakafaulu mahali na kuharibu mahali. Hiyo ya pili ndiyo inayonishughulisha zaidi, maana wengi wanaoacha dawa kali hukwama hapohapo. Ninachoshikilia ni hiki: dawa ya usafi huchaguliwa kwa aina ya uchafu. Anayechagua kwa harufu, kwa povu au kwa kuambiwa tu kwamba kitu ni cha asili atapata hasara, awe ameshika chupa ya dukani au ndimu.

Maji ya kisima

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyoleta shida. Nyumba hii hutumia maji ya kisima kirefu siku ambazo bomba halitoi. Yana chumvi na ni magumu, yaani yamebeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Sabuni haitoi povu upesi, birika linajenga gamba jeupe chini, matundu ya bomba la mvua yanaziba moja baada ya jingine, na ndani ya sinki la choo palikuwa na duara la kahawia lililoshinda kila brashi. Mama aliliona kuwa aibu mbele ya wageni, akawa ananunua dawa kali zaidi kila mara. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lile ni gamba la chokaa lililoshika kutu, na kwamba jiki haina uwezo wa kuliyeyusha. Jiki hulipausha tu. Gamba linabaki palepale likiwa jeupe, na baada ya siku chache linashika rangi upya.

Jumamosi ya wageni

Palikuwa na wageni wa arusi wanakuja. Asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, mama alimwaga dawa ya choo kuzunguka lile duara akaiacha ifanye kazi. Dawa nyingi za kung'arisha masinki ni asidi ya hidrokloriki. Dada alipoingia kusafisha akaukuta ubluu ndani ya sinki, akaelewa kuna dawa imewekwa. Akaongeza jiki, kikombe kizima, akachuchumaa, akaanza kusugua. Choo chenyewe ni cha ndani na ni kidogo. Kidirisha cha juu kilikuwa kimezibwa kwa ubao kwa ajili ya mbu, na mlango aliurudisha ili watoto wasikanyage maji.

“Kwanza macho yaliwasha, halafu kifua kikabana,” aliniambia. “Nikajua ni ukali wa jiki tu, nikaendelea ili niwahi kumaliza. Mwalimu, mimi nilijua dawa zikiwa mbili nguvu inaongezeka.”

Maneno hayo nimeyasikia pia kwa watu wenye shahada. Onyo la kutochanganya lipo kwenye chupa zote mbili, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Dada alimaliza darasa la saba na anasoma Kiswahili vizuri kabisa. Aliyenunua dawa hizo aliweza kulisoma onyo. Aliyezivuta puani hakuweza. Katika nyumba nyingi zetu ndivyo kazi ilivyogawanyika, na hilo linaniuma kuliko kosa lolote la kipimo.

Alitoka akiyumba, akaketi uani akikohoa mfululizo. Hewa ilishamfuata kwenye korido, ambako yule mtoto wa pumu alikuwa anacheza sakafuni. Naye akaanza kutoa sauti kifuani. Bibi akafungua milango yote, akarudi chooni kwenda kuvuta maji, na yeye akakohoa mpaka usiku. Jirani mmoja alileta maziwa, wote wakanyweshwa. Kisha wakapelekwa zahanati, mtoto akavutishwa dawa ya pumu, dada akawekwa chini ya uangalizi mpaka jioni. Wote walipona.

Yaliyofanyika vizuri ni kuwapeleka kwenye hewa safi na kuwahi zahanati. Maziwa hayakusaidia kitu: hewa iliyoingia mapafuni haifuatwi na kinachopita tumboni, na mtu anayekohoa kwa nguvu anaweza kupaliwa. Macho yaliyowasha yalitakiwa kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 bila kupunguza, na nguo zilizorukiwa zivuliwe. Kurudi ndani kuvuta maji ndiko kulikokuwa hatari zaidi. Mchanganyiko kama huo huachwa ulivyo, mlango wa choo unafungwa, madirisha mengine ya nyumba yanafunguliwa, watu wanakaa nje mpaka harufu iishe kabisa.

Ndani ya sinki

Jiki ni haipokloraiti ya sodiamu iliyoyeyushwa majini. Ikikutana na asidi inatoa klorini, ambayo ni hewa ya rangi ya kijani-njano. Hewa hiyo hiyo jeshi la Ujerumani liliifungulia dhidi ya askari waliokuwa mahandakini karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ina uzito karibu mara mbili na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini. Aliyechuchumaa mbele ya sinki na mtoto aliyekaa sakafuni ndio wanaoivuta kwa wingi, huku mtu mzima aliyesimama mlangoni akihisi harufu tu. Ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu, inageuka asidi palepale kwenye nyama laini.

Hata bila dawa ya choo, sinki halikuwa salama. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa kloramini, hewa nyingine inayochoma mapafu. Ndiyo maana jiki ikimwagwa kwenye choo ambacho hakijavutwa maji huleta harufu kali inayotoa machozi. Wengi huichukulia harufu ile kuwa dalili ya usafi.

Naongeza jambo linalosahaulika na wale wanaohamia vitu vya asili: siki nayo ni asidi. Ndimu nayo ni asidi. Nyumba inayoanza kutumia siki huku chupa ya jiki ikiwa bado pembeni ya sinki inaweza kurudia ajali ileile.

Kuna pia madhara yasiyokuja kwa kishindo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 6,235 kwa zaidi ya miaka ishirini katika nchi za Ulaya. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, nyumbani kwao au kwa ajira, mapafu yao yalipungua uwezo kwa kasi kuliko ya wanawake wasiofanya usafi. Mama alipolisikia hilo, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya dada: tangu afike hapo amevuta kiasi gani?

Kutupa, kisha kuanza upya

Jumatatu yake mama aliniita. “Mwalimu, kuanzia leo haiingii dawa ya dukani humu ndani.” Alikuwa tayari amezipanga chupa uani akitaka kuzimimina zote karoni, yaani kwenye shimo la maji taka. Hilo tulilizuia. Kuzimimina pamoja kungeleta klorini ileile ndani ya karo, na jiki nyingi kwa mara moja huua vijidudu vinavyoozesha uchafu mle ndani. Tulizitenga, zikamalizwa moja moja kwa kazi zake.

Nafasi iliyobaki kabatini ikajazwa na maelekezo yaliyotumwa kwa simu: siki, bekingi soda na maji ya ndimu, vyote katika chupa moja, tikisa, pulizia popote. Nadhani hakuna mchanganyiko wa asili uliosambaa kuliko huo, na hakuna usio na maana kuliko huo. Dada aliutengeneza kwenye chupa ya plastiki, akafunga kifuniko kwa nguvu. Chupa ikavimba ikawa ngumu, kifuniko kikafyatuka na kupiga mlango wa kabati hadi pakabaki alama. Ingekuwa chupa ya kioo tungekuwa tunazungumza mengine.

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Kijiko cha chakula kilichojaa bekingi soda, kama gramu 14, kikipata siki ya asilimia 5 yapata mililita 200, vyote vinaisha. Vinatoa lita nne hivi za kaboni dayoksaidi, na hewa yote hiyo inatafuta pa kutokea. Kinachobaki kwenye chupa ni maji yenye asetati ya sodiamu. Asidi ambayo ingeyeyusha chokaa haipo tena, na bekingi soda ambayo ingeshika mafuta haipo tena. Povu linaonekana kama kazi inafanyika, lakini vitu viwili vizuri vimeuana kabla ya kugusa uchafu. Faida pekee ya povu hilo ni kusukumasukuma takataka kwenye bomba la sinki la jikoni, na hapo pia maji ya moto yenye sabuni hufanya vizuri zaidi.

Tukakubaliana kwamba kila kitu kikae peke yake, na kila chupa iandikwe kwa Kiswahili: kuna nini, ni kwa kazi gani, kisichanganywe na nini. Dada ndiye aliyeandika, kwa kalamu ya wino usiofutika.

Siki ilipofaulu

Kwa lile duara la sinki, siki ilifanya kazi ambayo dawa zote zilikuwa zimeshindwa kuimaliza. Jambo lenyewe ni kuipa siki muda na kuizuia isichanganyike na maji. Usiku, kila mtu akishatumia choo, dada alisukuma maji ya sinki kwa brashi mpaka yakashuka chini ya duara. Akalowesha karatasi za chooni kwenye siki isiyochanganywa, akazibandika kwenye gamba lote, akaziacha mpaka asubuhi. Alipozibandua, gamba lilikuwa limelainika kama uji uliopoa, likatoka kwa brashi ya kawaida. Sehemu nene zilihitaji kurudiwa usiku uliofuata. Bomba la mvua lilifunguliwa kichwa chake kikalazwa ndani ya kopo la siki. Birika likachemshiwa siki nusu na maji nusu, likaachwa lipoe, likasuuzwa.

Ndimu ina asidi ya sitriki na inaweza kufanya kazi hiyohiyo, ila ni ghali kwa sinki la choo na ina sukari kidogo inayoita sisimizi. Ndimu tuliiachia bibi na sinia lake la shaba. Yeye hulisugua kwa ndimu iliyokatwa na kuchovywa kwenye majivu yaliyochekechwa, kama walivyofanya kwao Pangani: asidi inaondoa weusi, majivu yanasugua. Kisha analisuuza haraka na kulikausha, maana shaba iliyoachwa na ndimu inaota kijani. Zamani, alisema, vyombo vya mbao walisugua kwa majani ya msasa. Wajukuu walidhani anatania mpaka alipowaonyesha jani lenyewe lilivyo na mkwaruzo.

Siki ilipoharibu

Mafanikio yale yaliwatia watu moyo kupita kiasi. Siki ikaanza kuwekwa kwenye ndoo ya deki, kila asubuhi, sebule nzima. Sebule ya nyumba hiyo ina sakafu ya terazo ya zamani, iliyosagwa na kung'arishwa na fundi aliyejua kazi yake. Baada ya wiki chache mng'ao ukaanza kuondoka kuanzia mlangoni, ambako deki inapita mara nyingi zaidi. Mama akadhani ni vumbi, akaongeza siki.

Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikwa na saruji. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Gamba la sinki la choo ni kalsiamu kaboneti. Siki haiwezi kujua lipi ni uchafu na lipi ni sakafu ya watu, inayeyusha yote. Ukidondosha tone la siki kwenye kona ya terazo iliyofichika na kuinamia kwa karibu, unaweza kuona vipovu vidogo vikitoka kwenye vipande vyeupe. Nilimwonyesha mama hapo hapo, na ndicho kitu pekee kilichomshawishi. Sakafu ya niru hupata madhara hayohayo, kwa kuwa saruji nayo huliwa na asidi, na kadhalika sakafu ya saruji tupu na ukuta uliopakwa chokaa. Vigae vya kauri vyenyewe huvumilia, lakini saruji iliyojazwa katikati yake hulika taratibu.

Maelekezo ya usafi wa asili karibu yote yanayozunguka kwenye simu husifu siki kwa sakafu bila kuuliza sakafu ni ya nini. Yanatoka sehemu ambako nyumba nyingi zina sakafu za mbao au plastiki. Huku kwetu tunatembea juu ya saruji.

Magadi, mali iliyo karibu

Jikoni kulikuwa na tatizo la namna nyingine. Nyumba hii hukaanga samaki, na ukuta wa nyuma ya jiko ulikuwa na utando wa mafuta unaonata na kushika vumbi. Walipulizia siki, wakapulizia tena, mafuta hayakusogea. Siki haiwezi kushinda mafuta yaliyokauka ukutani. Kinachoyashinda ni kitu chenye asili ya majivu, yaani kinyume cha asidi, na hapa Afrika Mashariki tuna utajiri ambao tunaupita sokoni kila siku: magadi.

Magadi ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu zilizoshikamana, yanayojitengeneza kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Sokoni yanauzwa kwa mawe au unga kwa ajili ya kulainisha maharage na makande. Kwa usafi yana nguvu kuliko bekingi soda, ambayo ni pole mno kwa mafuta yaliyokauka. Dada alisaga vijiko viwili vya chakula, akaviyeyusha kwenye lita moja ya maji ya moto, akaacha tope litulie usiku kucha, akachuja kwa kitambaa. Maji yale ya juu ndiyo dawa. Unayapaka kwa tambara juu ya mafuta, unasubiri dakika kumi, unasugua kwa dodoki, unafuta kwa maji. Mafuta yanageuka kitu cha kuteleza, kwa sababu sehemu yake inageuka sabuni palepale ukutani. Ukuta wa jiko ulipata rangi ambayo mtoto mdogo wa nyumba hiyo hakuwahi kuiona.

Mipaka yake ni hii. Magadi hula alumini: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na zikilazwa kwenye magadi zinakuwa nyeusi na kuchimbika. Sufuria zioshwe kwa sabuni, na weusi wa ndani uchemshiwe maji ya ukwaju au ndimu, kisha zisuuzwe. Magadi hukausha na kuchubua mikono, kwa hiyo glovu za mpira ni lazima kwa anayefanya kazi hiyo mara kwa mara. Na macho yalindwe unaposugua ukuta ulio juu ya kichwa.

Neno la pembeni kwa wapishi, kwa kuwa tumeyagusa magadi: yale ya ziwani yana floridi, na matumizi yake kwenye chakula yamehusishwa na meno ya kahawia ya watoto katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Ningependa yatumike zaidi ukutani kuliko kwenye sufuria ya makande.

Sabuni

Kazi nyingi za nyumba hii, ukizihesabu, zilimalizwa na sabuni ya mche. Gramu 100 za sabuni hukwanguliwa kwa kikwangulio cha karoti, zinayeyushwa kwenye lita mbili za maji ya moto, zikipoa zinakuwa kama jeli. Hiyo inaosha vyombo, ubao wa kukatia nyama, meza, milango na sakafu, ikiwemo ile terazo. Kwa maji ya kisima chao jeli ilikuwa inaganda utando mweupe kwenye ndoo, kwa kuwa kalsiamu inaikamata sabuni kabla haijagusa uchafu. Kiasi cha yale maji ya magadi kilichotiwa kwenye ndoo kwanza kililainisha maji na utando ukapungua sana. Maji ya mvua hayahitaji hata hilo. Ila siki isitiwe kamwe kwenye ndoo ya sabuni. Asidi huivunja sabuni ikawa vipande vyeupe vya mafuta vinavyoelea.

Hapa sina budi kuitaja sabuni ya maji ya kupimiwa, inayopita mtaani kwa madumu ikisifiwa kuwa “ya nyumbani, haina kemikali”. Majirani wanaoitengeneza ni watu wa kujituma na siwapingi kutafuta riziki. Lakini vinavyoingia kwenye pipa ni salfoniki asidi, slesi, soda ashi au kostiki soda, chumvi, rangi na pafyumu, na katika maelekezo mengi formalini ili isioze. Kutengenezewa uani hakuifanyi kuwa ya asili. Ikipimwa vizuri inaosha vyombo vizuri. Isipopimwa inabaki na ukali unaochubua mikono. Na inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Kostiki soda ikimezwa huunguza umio wa mtoto na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Sheria ya nyumba ile sasa ni kwamba chupa ya maji au ya soda haiwekwi kitu kingine chochote, hata kama ni siki tu, hata kama ni kwa nusu saa.

Harufu

Hili lilinishangaza hata mimi kwa jinsi lilivyokuwa gumu kuachwa. Nyumba ilipoacha dawa za dukani ilipoteza harufu yake ya Jumamosi, na mama aliona kana kwamba haijasafishwa. Akaongeza mafuta ya karafuu na ya mchaichai kwenye ndoo ya deki. Mtoto akakohoa. Harufu kali inaweza kuamsha pumu hata ikitoka kwenye mmea, na moshi wa udi katika chumba kilichofungwa ni vivyo hivyo. Mafuta ya karafuu yana hatari nyingine: mtoto mdogo akinywa kiasi kidogo tu yanaweza kumharibu ini. Yalipelekwa kabati la juu pamoja na dawa. Sasa baada ya deki wanafungua madirisha, nyumba inanukia hewa, na bibi anachoma udi wake uani.

Jiki ilirudi

Miezi mitatu baadaye mtoto mkubwa aliharisha na kutapika usiku kucha. Mama alitaka kusafisha matapishi kwa siki. Hapo nilisimama kidete. Jiji hili lilipigwa na kipindupindu kuanzia Agosti 2015, na tunajua kinavyoenea. Siki haiaminiki kwa vijidudu vya magonjwa ya namna hiyo, na hakuna ndimu wala mwarobaini utakaochukua nafasi ya klorini kwenye matapishi na choo cha mgonjwa. Kukataa jiki siku hiyo kwa sababu ya ajali ya zamani kungewaweka wengine hatarini.

Kanuni ni rahisi. Kwanza soma asilimia kwenye chupa. Ikiwa ni 3.5, sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji hutoa klorini ya asilimia 0.5, inayotumika kwa matapishi, kinyesi na sehemu zilizochafuka. Uchafu uondolewe kwanza na mahali paoshwe kwa sabuni na kusuuzwa, kwa kuwa klorini humalizwa na uchafu kabla ya kufika kwenye vijidudu. Kisha paka, acha dakika kumi, suuza. Iliyochanganywa leo imwagwe leo. Jua na joto huila nguvu yake. Madirisha wazi, glovu mkononi, na hakuna kitu kingine chochote ndani ya ndoo hiyo. Mtoto wa pumu anakuwa nje au kwa jirani mpaka kazi iishe.

Walivyo sasa

Kabati la chini ya sinki lina siki, maji ya magadi, jeli ya sabuni, dodoki na brashi. Jiki ni chupa moja, inakaa stoo juu, mbali na siki, na dada ana ufunguo sawa na mama. Ubao wa kidirisha cha choo uling'olewa ukawekwa wavu wa mbu. Pumu ya mtoto haijaondoka, wala hakuna aliyemwahidi hivyo. Ila siku ya kusafisha choo haiambatani tena na kukohoa. Kwa matumizi ya mwezi wanatumia pungufu ya walivyokuwa wakitumia kwa zile dawa, na sehemu kubwa ya wanachookoa wanaiweka kwa ajili ya fundi wa terazo, ambaye amesema sebule inahitaji kusagwa upya kuanzia mlangoni hadi katikati.